Kwadi imechoka: nifungue injini yote au ninunue mpya?

Nimeinama kwenye kwadi yangu, hii pikipiki ya magurudumu manne ya kukimbizia mchangani, sikio liko kwenye tundu la kujazia oili, na nasikia kabisa hewa ya kompresa inavyoshuka, sssss, ndefu, haikatiki, inapita pembeni ya ringi, zile pete za pistoni, inaingia kwenye kesi ya krenki huku chini ya injini kama hakuna kitu cha kuizuia. Kabla ya hapo nilishasikiliza kwenye eksozi, kimya. Nikafungua mfuniko wa rejeta niangalie kama kuna mapovu, maji yametulia. Upande wa kuvutia hewa kulikuwa na kisauti cha kuvuja, kidogo, ila sikukipenda. Nikarudi kwenye tundu la oili. Pale ndo penyewe.

Fundi akaigeuza geji niione vizuri.

"Ringi?" nikamuuliza.

"Ringi, pistoni, silinda, sijui mpaka tufungue. Ila kaka, amua kwanza. Unataka tuifungue, au unataka uiuze hivi hivi ikiwa bado inawaka?"

Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho ikawa wiki, na wiki zikaongezeka, kwadi iko kwenye stendi hapa gereji Sharjah, Emirati, imefunikwa turubai na mimi kila nikilala napiga hesabu upya. Naandika hii kwa sababu nimeongea na watu wengi wenye hizi mashine na karibu wote wanafika hapa hapa, halafu wanaamua kwa hasira au kwa tamaa ya kitu kipya, na hela inaenda.

Naanza na hicho kipimo cha hewa maana kuna watu bado wanategemea geji ya kompreshen ya kawaida. Hizi injini zina kifaa kwenye kamshafti kinachoachia mgandamizo kidogo wakati wa kuwasha ili stata isiteseke, kwa hiyo geji ya kawaida inakusomea namba ndogo hata injini ikiwa nzima. Ukitaka ukweli, pandisha pistoni juu kabisa, ingiza hewa kwenye tundu la plagi, halafu tumia masikio, inakosikika ikitoka ndiko panapovuja.

## Kinachohesabiwa ni masaa

Yangu ni Yamaha YFZ450R, ya kabla ya mabadiliko ya 2014. Kiwandani haiji na kitu cha kuhesabu kilomita, kwa hiyo mtu akikuambia yake imetembea kilomita chache, muulize amezijuaje. Mi nilifunga mita ya masaa, kale kadude kadogo ambako waya wake unauzungushia kwenye waya wa plagi, na hata baada ya kubadilisha pistoni na ringi misimu ya nyuma, masaa yamejaa tena.

Tena masaa ya mchangani.

Silinda ni moja, cc 449, pistoni ina upana wa milimita 95 na mwendo wake wa kupanda na kushuka ni milimita 63.4 tu. Pana na fupi. Ndo maana inapiga mizunguko mingi vile na ndo maana inaisha haraka. Sasa ipeleke Al Badayer kwenye vile vilima vyekundu vya barabara ya Hatta, au shuka nayo mpaka Liwa kule Tal Moreeb ambako kilima kimesimama karibu mita 300, kidole gumba kimeikandamiza resi mpaka mwisho, mchanga unavuta tairi nyuma, huwezi kuachia maana ukiachia unazama, injini inalia dakika nzima haijapumzika. Mtu anayekimbiza msituni kwenye udongo anapata kona, anaachia, injini inahema. Sisi hatuna hiyo kona.

Halafu kuna vumbi lenyewe. Mchanga wa huku una kwatzi nyingi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Punje ndogo ambayo huioni kwa macho ikipita kwenye filta inafika kwenye ukuta wa silinda na kukaa kati ya ringi na silinda, inasaga kila pistoni inapopanda na kushuka. Sponji ya filta lazima iloweshwe oili yake vizuri, ukingo wake upakwe grisi pande zote, na soksi ya nje juu yake. Mtu anayeosha filta mara moja kwa mwezi na mtu anayeiosha kila akirudi wanaweza kuwa na masaa sawa kwenye mita na injini mbili tofauti kabisa.

## Nunua injini, pachika

Kila Mswahili aliyekaa Sharjah anajua hizi gereji za Industrial Area zilivyo. Ndugu zetu wanatoka Dar, Mombasa, Kampala, wanakuja kuokota injini za Toyota zilizotolewa kwenye gari zilizogongwa, wanafunga kontena, zikifika nyumbani zinapachikwa na maisha yanaendelea. Na inafanya kazi kweli. Injini ya Toyota iliyotunzwa inafika kilomita laki mbili, laki tatu, bado inadai. Ukiikuta kwenye gari iliyopigwa nyuma, una kila sababu ya kuiamini.

Kwa hiyo wazo la kwanza la kila mtu niliyemuuliza lilikuwa hilo hilo. Tafuta injini yuzdi ya YFZ, pachika, siku mbili umemaliza.

Nikaenda kuiona moja. Imeoshwa inang'aa, kesi hazina mkwaruzo, muuzaji anasema ilitolewa kwenye kwadi iliyopinduka, injini haina shida yoyote. Masaa? Hajui. Nikamwomba tutoe filta ya oili, akakunja uso lakini akakubali. Nikaimwagia kwenye kitambaa cheupe, nikasogeza juani.

Ilikuwa inametameta.

Nikapitisha sumaku juu ya kitambaa. Vipande vingine vikarukia sumaku, hicho ni chuma, kinaweza kuwa beringi au meno ya gia. Vingine vikabaki pale pale kwenye kitambaa, hiyo ni alumini, na alumini ndani ya injini kama hii mara nyingi ni pistoni inajisugua. Nikamshukuru, nikaondoka.

Hapo ndipo nilipoacha kabisa hilo wazo. Injini ya gari imeundwa iishi miaka. Injini ya kwadi ya mashindano imeundwa ifunguliwe. Ukiinunua yuzdi bila historia umenunua masaa ya mtu mwingine, na hayo masaa lazima uyalipie, tofauti ni kwamba utayalipia ukiwa katikati ya jangwa.

## Mpya ni ile ile

Basi nikageukia mpya. Na hapa ndo nilikaa sana.

YFZ450R ilitoka 2009 ikiwa na mfumo wa kupuliza mafuta na chesisi hii hii ya mchanganyiko wa alumini na chuma. 2014 wakaifanyia marekebisho, mgandamizo ukapanda mpaka 11.8 kwa 1, wakaweka klachi inayoteleza kidogo unaposhusha gia ghafla ili matairi ya nyuma yasifunge. Vitu vizuri, sibishi. Lakini ukiziweka mbili pembeni, ya kwangu na ya dukani, unaangalia mashine moja. Valvu tano zile zile za titani, tatu za kuingiza na mbili za kutoa. Chesisi ile ile. Mi naendesha vilivyofungwa juu yake, na shokapu zangu zilishapangwa upya kwa uzito wangu na kwa mchanga huu, stiringi ina dampa, ekseli ya nyuma siyo ya kiwandani, vyote hivyo nilivilipia taratibu misimu kwa misimu. Nikinunua mpya itabidi nivihamishe, kwa hiyo nitakachokuwa nimenunua hasa ni chesisi isiyochoka na mita iliyoko sifuri.

Sasa bei. Kwa Marekani ni karibu dola 10,000. Dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725, kwa hiyo ni kama dirhamu 36,700 kabla ya meli, kabla ya ushuru, kabla ya VAT ya asilimia 5. Mke wangu yuko Tanga, tumepandisha msingi, matofali yapo saiti yanasubiri. Nikampigia nikamweleza bila kuficha kitu.

"Baba watoto," akasema, "hiyo mashine sijawahi kukuzuia. Ila niambie kitu kimoja. Ukinunua hiyo mpya, hii ya zamani ilikuwa na shida gani ambayo mpya haitakuwa nayo baada ya muda?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kwa sababu ukweli ni kwamba mpya itafika hapa hapa. Misimu michache ya Badayer na sikio langu litakuwa kwenye tundu la oili tena.

Lakini kuna upande mwingine ambao ulinisumbua kuliko hela. Hizi kwadi za mashindano zinaisha duniani. Miaka ile kila kampuni ilikuwa na yake, Honda na TRX450R kuanzia 2004, Suzuki LT-R450 ilikuja 2006, Kawasaki na KFX450R, Can-Am na DS 450, hata KTM walikuwemo. Leo hao wote wametoka. Wanunuzi walihamia kwenye vile vigari vya kukaa watu wawili vyenye usukani na kizimba cha vyuma, na kampuni zikawafuata.

Angalia Dakar, zile mbio ndefu za jangwani. Kwadi zilipewa daraja lao 2009, mbio zilipohamia Amerika Kusini, na Waajentina na Wachile wakalifanya lao. Marcos Patronelli alishinda 2010, 2013 na 2016, ndugu yake Alejandro akachukua 2011 na 2012, Ignacio Casale wa Chile akachukua mara tatu. Mbio zikaja Saudia 2020, jirani yetu hapa, tukafurahi tukasema sasa tutaziona. Manuel Andújar akashinda 2024, na huo ndo ukawa mwaka wa mwisho. 2025 daraja la kwadi halikuwepo tena.

Iliniuma, naisema wazi. Nilikuwa nafuatilia lile daraja kuliko pikipiki na magari.

Ndo likaja swali ambalo liliniweka macho kweli kweli: kama Yamaha naye akiacha, je, si bora ninunue mpya sasa hivi wakati bado zipo, hata kama hela inauma? Nilikaribia kabisa kufanya hivyo. Nilishafungua mpaka mazungumzo na muuzaji.

Kilichonirudisha ni kuligeuza hilo swali. Kwa sababu mpya ni ile ile, spea za mpya ndo spea za kwangu kwa sehemu kubwa. Siku Yamaha akiacha kuitengeneza, mwenye mpya na mwenye ya zamani wataanza kutafuta pistoni na valvu kwenye rafu zile zile. Mpya inanipa muda tu. Na muda naweza kuununua kwa bei nafuu zaidi, kama ya kwangu inastahili.

Kama inastahili. Hapo ndo kazi.

## Nusu ovahoo

Nikamwambia fundi afungue juu tu, tutazame, tusinunue kitu.

Pistoni ilikuwa imechanwa upande wa mbele, mistari ya wima. Silinda ilikuwa na mistari pia, na kipimo cha haraka ni kupitisha kucha kwa upole kuvuka mstari, kucha ikikwama, umekwisha. Ilikwama. Hii silinda ni alumini yenye tabaka gumu ndani, siyo ile ya chuma unayompelekea mtu wa lathe akachonga ukaweka pistoni kubwa zaidi. Tabaka likipenywa, ama unaituma ikapakwe upya kwa wenye mitambo hiyo ama unanunua silinda nyingine.

Valvu za kuingiza zilikuwa zimebonyea kwenye mdomo. Nilishaona dalili mapema, upenyo wa valvu ulikuwa unajifunga, tunabadilisha shimu, vile visahani vya kurekebisha upenyo, unakaa sawa, halafu baada ya muda mfupi umejifunga tena. Titani ina ngozi nyembamba ngumu juu yake, na ikiisha, chini yake ni laini, valvu inazama kwenye kiti chake haraka sana. Na tafadhali, fundi akitaka kuzisaga valvu za titani kwa ile dawa ya kusagia ya chuma, mzuie, ndo anaimalizia hiyo ngozi. Viti vinakatwa kwa mashine, valvu zinawekwa mpya.

Fundi akaniandikia orodha. Silinda, pistoni, ringi, gasketi, valvu, springi, mnyororo wa taiming. Bei ikawa ya kuvutia kabisa. Nikaona hapa tumemaliza, nafunga, msimu unaanza naingia uwanjani.

Nusu ovahoo inavutia kwa sababu ya bei yake. Ndo mtego.

## "Chini umepatazama?"

Kuna mzee Muomani anakujaga pale gereji, mzaliwa wa Unguja, alirudi Oman kijana na ameshika spana za mashine za jangwani maisha yake yote. Siku hiyo alikuja kwa shughuli zake, akaiona kwadi imevuliwa kichwa, akasimama.

"Mwanangu, shikamoo haidaiwi lakini," akasema, nikainuka kumsalimia. Akaitikia, akainama kwenye injini. "Juu nimeona. Chini umepatazama?"

Nikamwambia bado, fundi ameshauri juu tu.

"Hebu ishike hiyo konrodi. Ipandishe juu kabisa kwanza. Sasa ivute wima, juu na chini. Siyo ubavuni, ubavuni lazima icheze. Wima. Usikaze mkono, isikilize kwa vidole."

Konrodi ndo ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Nikaivuta. Kulikuwa na kitu. Kidogo sana, kama mgongo wa kisu, tik. Nikarudia nikidhani ni mkono wangu. Tik.

Akanitazama. "Umeisikia?"

"Nimeisikia, mzee."

"Basi hiyo beringi ya krenki inakuaga kwaheri. Ukiifungia pistoni mpya na ringi zinazobana sawasawa, ule mgandamizo unaorudi wote utaipiga hapo hapo. Itakwenda siku mbili tatu vizuri, vizuri mno, utafurahi. Kisha konrodi itatoka mbele ya kesi."

Huo ndo ulikuwa mgeuko wa habari yote kwangu. Orodha ya fundi haikuwa mbaya, kila kitu kilichoandikwa kilikuwa kinahitajika. Ilikuwa fupi. Juu mpya na chini iliyochoka ni kuiharakisha injini ife, na inapokufa kwa namna ile inaondoka na silinda mpya, pistoni mpya, kesi mbili, na pengine hedi, yaani kichwa cha injini. Yaani hela yote uliyoiokoa, pamoja na ile uliyoitumia.

Kwa hiyo machaguo yakabaki mawili tu. Kuifungua yote mpaka kesi zigawanyike, au kuiacha kabisa.

## Chesisi kwanza

Mzee akaongeza jambo moja kabla hajaondoka, na nadhani hili ndo nililotaka hasa kuliandika humu. Akasema nisinunue hata bolti moja ya injini kabla sijaiona chesisi ikiwa uchi.

Ina mantiki kabisa. Injini ni kitu cha kubadilishwa, kila kipande chake kina namba yake na unaweza kukiagiza. Chesisi ikiwa imechoka, hakuna ovahoo ya injini itakayoiokoa. Na hii ina alumini nyingi, siyo bomba tupu za chuma ambazo kila fundi wa welding anaweza kuzigusa. Alumini ya aina hii ukiichoma, sehemu iliyo pembeni ya mshono inapoteza nguvu kwa ajili ya moto, unaweza kufunga ufa hapa ukapata mwingine sentimita mbili mbele.

Tukaivua yote. Plastiki, tanki, waya, mikono ya mbele, swingi amu, kila kitu, tukabaki na chesisi juu ya meza. Tukaiosha mpaka mafuta yakaisha. Halafu tukatumia ile dawa nyekundu ya kutafutia nyufa. Unaipaka, unaiacha iingie, unaifuta kabisa mpaka hakuna wekundu, halafu unapulizia poda nyeupe juu yake na unasubiri. Kama kuna ufa, wekundu uliojificha ndani unapanda kwenye poda na ufa unajichora wenyewe.

Tulianzia pale mikono ya mbele inaposhikwa, kwa sababu pale ndo kila mruko unatua. Kushoto, nyeupe tupu. Kulia, nyeupe. Shingo ya stiringi, nyeupe. Pale swingi amu inapopita, nyeupe. Pale shokapu ya nyuma inaposhikwa juu, tulirudia kabisa maana mwanga haukuwa mzuri. Nyeupe.

Kwenye bano la ngao ya pembeni, upande wa kulia, ukatokea mstari mwekundu mwembamba kama uzi.

Moyo ulinishuka. Fundi akalifungua lile bano, akaligeuza. Ni la kufunga kwa bolti, si sehemu ya chesisi, linabadilishwa kwa dakika kumi. Chini yake, kwenye chesisi yenyewe, tukapaka tena, tukasubiri tena kuliko mwanzo.

Nyeupe.

Ule mstari ungekuwa kwenye mshiko wa mkono wa mbele, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Ningeuza injini kama vipande, ningehamisha shokapu na stiringi kwenye mpya, na nisingejadiliana na mtu.

## Tumefungua yote

Nilimpigia fundi nikamwambia tunagawa kesi.

Krenki imekuja nzima, imeshapangwa na konrodi yake, sikutaka ya kugongwa na kunyooshwa kwa presi wakati mpya inapatikana. Beringi kuu, sili zote, beringi za giaboksi. Tulipoifungua giaboksi, gia ya tatu meno yake ya kushikia yalikuwa yameviringika pembeni na uma wake una alama ya kuungua, kumbe ndo maana ilikuwa inachomoka nikitoka kwenye kona kwa nguvu, na hiki ni kitu ambacho nusu ovahoo isingekigusa kamwe. Gia na uma vimebadilishwa. Kikombe cha klachi kilikuwa na mabonde yaliyochimbwa na sahani, nacho kimetoka. Sili ya pampu ya maji mpya. Juu ni ile ile orodha ya kwanza, silinda mpya sikuituma kupakwa kwa sababu ya muda, valvu nimebaki na titani. Kuna wanaoweka za chuma cha pua ambazo zinavumilia zaidi, ni uamuzi wa maana kabisa kwa mtu wa kutembea tu, lakini ni nzito na zinataka springi zake, na mi bado nakimbiza.

Kwenye chesisi ni beringi za swingi amu na linki, boli za mikono, ncha za tairodi, beringi za ekseli. Shokapu zimefunguliwa, oili, sili na naitrojeni.

Jumla yake, kazi na vipande, haijafika theluthi ya bei ya mpya. Iliyobaki imeenda Tanga, na sehemu ndogo nimeiweka pembeni kwa ajili ya pistoni na seti ya valvu za akiba, hizo naziagiza sasa hivi wakati dukani bado zipo, maana ile hofu ya Yamaha kuacha haijaniondoka.

Kuna watu ambao ningewaambia wanunue mpya bila kufikiri mara mbili. Anayefukuzia pointi za ubingwa msimu mzima hawezi kukaa wiki nyingi akisubiri krenki ifike. Mwenye ufa kwenye chesisi. Na mtu ambaye hana fundi wa kupima, namaanisha kupima kweli kwa maikromita na filageji na siyo kwa jicho, kwa sababu injini hii ikifungwa kwa kukisia ni bora usingeifungua.

Imewaka juzi. Tumeiacha ipate moto, tukaizima ikapoa kabisa, tukaiwasha tena. Bado sijaipeleka mchangani. Oili ya kwanza inamwagwa mapema sana, filta tutaifungua kwenye kitambaa cheupe kama ile ya yule muuzaji, chembechembe kidogo za kuzoeana nazitegemea, vipande sivitaki. Kisha tunapima upenyo wa valvu zote tano, tunaandika kwenye daftari pamoja na masaa, tunaitembeza polepole, tunapima tena. Upenyo wa upande wa kuingiza ukiwa umehama kwenye kipimo cha pili, hedi inatoka tena kabla sijajiandikisha mbio yoyote, hata kama msimu utakuwa umeshaanza.